Tangi Lililofungukia Kushoto

Nyumbani kwetu kulikuwa na ubishi ambao haukuisha hata shida zilipofika mlangoni: mdomo wa tangi la mafuta unapaswa kuwa upande gani wa gari? Bwana yangu alisema kushoto, upande wa dereva, na gari letu lilikuwa hivyo. Mama yangu alisema kulia. Mama hakuwahi kushika usukani maishani mwake, na hata kupanda kiti cha nyuma alipanda kwa kusukumwa, lakini katika jambo hilo hakuna aliyeweza kumtoa alipokuwa amekaa.

Ubishi wenyewe ulinichosha mimi kuliko wao, kwa sababu ulipitia kinywani mwangu. Sisi ni watu wa Kasai. Wazazi wetu walikuja Katanga kutafuta kazi, sisi tukazaliwa hapa Lubumbashi, lakini adabu za kwetu hawakuziacha kwenye treni. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye sahani moja, hamgusi, na hambishii. Kwa hiyo jioni za Jumapili waliketi katika ua mmoja, kila mmoja amegeuza kiti chake upande wake, nami katikati nikichambua maharage.

"Umuambie bwana yako," mama alianza, "tank inapashwa kuwa kuume, kwenye majani. Siku ile esanse ilituishiaka mu njia ya Likasi, alisimama mu barabara na bidoni, makamyo inapita karibu kumukata matako."

"Baba, mama anasema kuume," nilimfikishia bwana.

"Nimesikia," alijibu bwana, akiuangalia ukuta. "Umuambie mama, na heshima yote, shofere ndiye anapashwa kuona. Tank ikiwa huku kwangu, muntu hawezi kutia wala kutosha kitu bila mimi kuona."

Mama aliguna. Mguno huo sikuhitaji kuufikisha.

Gari lilikuwa la Mbelgiji mmoja, mkubwa wa bwana yangu kwenye ghala alikofanya kazi ya ukarani. Alipoondoka mbiombio, majuma yale ya uhuru, alimwachia funguo na maelezo machache, moja likiwa la kifuniko cha tangi. Kifuniko kile kilikuwa na ukaidi wake. Ukikizungusha kama vifuniko vingine, kilizidi kukaza. Ilibidi ukikandamize kwa kiganja, ukirudishe kidogo kuelekea nyuma ya gari, ulegeze mkono, ndipo ukivute. Bwana alinifundisha pale kiwanjani baada ya misa, nami nikavunja kucha kabla sijakielewa. Alijivunia kifuniko kile kuliko injini, akasema ni askari wetu.

Kisha Katanga ikajitenga. Mambo yalibadilika polepole kwanza, halafu yakabadilika upesi. Hapo zamani nilikuwa mama wa nyumba yenye mlango wa buluu. Sasa nikawa Mukasai. Dukani mtu alikuuliza kwenu wapi kabla ya kukupimia chumvi. Njiani vijana waliofunga vitambaa mikononi waliweka miti na mapipa, wakasimamisha wapita njia. Wengine wetu walipanda treni wakarudi Kasai ambako hawakuwahi kufika. Wengine walihamia kambini, pembezoni mwa mji, wakalala chini ya maturubai. Sisi tulibaki mtaani kwetu Katuba, na sababu ilikuwa miguu ya mama. Ilikuwa imevimba hata hakuweza kufika kwenye bomba la maji. Tulikubaliana hivi: siku ya kuondoka ikifika, gari litamchukua. Kupotea kwa mafuta ya gari lile kulikuwa sawa na kumwacha mama nyuma. Nililijua hilo kila nilipoamka.

Ndipo mafuta yakaanza kuibwa.

Lazima nieleze kiwanja chetu kilivyokuwa. Kando ya nyumba palikuwa na njia nyembamba ya kuingizia gari: ukiingia, ukuta wa nyumba uko kulia kwako, ua wa miti uko kushoto, na ng'ambo ya ua ule anakaa jirani. Gari likiingia kwa mbele, tangi lilitazama ua. Asubuhi moja bwana aliwasha, sindano ya mafuta ikalala. Siku chache baadaye ikalala tena. Kifuniko kilikuwa mahali pake, hakina hata mkwaruzo. Bwana alikiangalia kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na askari wake.

Nilimlalamikia jirani juu ya ua. Alikuwa mwanamke mkubwa kwangu kwa umri, watu wao wa huko Moero, wenyeji wa Katanga, na bwana yake alifanya kazi kwenye reli. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, yeye aliniita mudogo. Yeye ndiye aliyemchemshia mama majani ya kukandia miguu, na hata siku zile mbaya hakuacha kuketi nami benchi moja kanisani. Nilimwaga laana zote nilizokuwa nazo juu ya huyo mwizi, za Kiswahili na za Tshiluba. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Bantu baliharibika, mudogo."

Bwana akapata dawa. Aliliingiza gari kinyumenyume, upande wa kushoto ukagusana kabisa na ukuta wa nyumba. Sasa hata mkono wa mtoto usingepenya kufikia kifuniko. Ila mlango wa dereva nao ulikuwa upande ule ule. Kila asubuhi karani huyu, mwenye suruali iliyopigwa pasi, aliingia kwa mlango wa kulia akajiburuza juu ya kiti cha abiria huku makalio yakitangulia, na mama aligeuza kiti chake mapema ili mkwe wake asivunjiwe heshima. Nilicheka mpaka machozi, na ilikuwa mara ya mwisho kucheka hivyo kwa muda mrefu. Wizi ulikoma. Bwana alikusanya mafuta kidogo kidogo, zamu kwa zamu, akisimama kwenye mstari wa kituo nusu siku, mpaka tangi likajaa.

Lakini gari lililoingizwa kinyumenyume linaangalia barabara. Hatukulifikiria hilo, na hilo ndilo kila mtu mwingine aliliona. Mtaani ilikuwa imeshakuwa desturi: gari linaloangalia nyumba ni la mtu anayekaa, gari linaloangalia barabara ni la mtu anayejiandaa kutoroka, na anayejiandaa kutoroka ana jambo. Sisi, kwa kulinda tangi, tulikuwa tunawatangazia wote kwamba tunaondoka.

Jirani aliniletea habari akiwa hata hajavaa viatu. Bwana alikuwa kazini. Siku ile alikwenda na kinga, baiskeli yake, ili asiguse mafuta.

"Mudogo, banakuya. Beko ku avenue ya nyuma, banaingia parseli kwa parseli, kila kiwanja. Banaangalia magari."

"Banaangalia nini?"

"Mbele inaangalia wapi. Ule tata, muzee wa ku kona, yake ilikuwa inaangalia barabara. Bamekwisha kumubeba. Geuza hii kitu."

Sikujua kuendesha, yeye pia hakujua. Tulijua kusukuma. Niliingia kwa mlango wa kulia nikaachia breki, nikatoka, yeye akasukuma nyuma kwa mgongo, mimi nikasukuma huku nimejinyoosha kupitia mlango ulio wazi kushika usukani. Gari likatoka taratibu hadi barabarani. Hesabu yetu ilikuwa kulizungusha pale na kuliingiza tena kwa mbele. Kwa macho lilikuwa dogo. Mikononi mwetu lilikuwa zito mno, na mchanga ulikamata magurudumu. Tulikuwa tumelifikisha katikati, limekingama barabara nzima, tulipowasikia wakigeuka kona.

Hapo nilielewa tulichofanya. Ndani ya kiwanja gari letu lilikuwa la kushukiwa. Sasa lilikuwa nje, mlango wazi, likisukumwa na wanawake wanaohema. Niliogopa kwa ajili ya bwana yangu, maana walipomkosa mwenye gari nyumbani walimfuata kazini, na waliofuatwa kazini wengi sikuwaona tena wakirudi.

Aliyetangulia alikuwa kijana mwenye kofia ya askari iliyomzidi kichwa. Wenzake walikuwa na bunduki moja kati yao, na kigari cha kusukuma kilichobeba mabidoni, yaani madumu matupu.

"Ba mama," alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. "Safari ya wapi?"

"Hatuna safari. Tunageuza gari."

"Ju ya nini?"

Nilitafuta uongo nikaukosa. Basi nilimwambia kweli. "Tank iko kushoto. Banatuiba esanse. Bwana yangu anaingiza gari na nyuma, ju tank ifichame ku ukuta. Sasa bantu banasema tunakimbia. Ni vile tunaigeuza."

Aliniangalia, akaliangalia gari. Alizunguka upande wa kushoto, akainama mbele ya kifuniko kama fundi.

"Tank kushoto haiko muzuri," alisema mwenye bunduki. "Inapashwa kuwa kuume. Ukitia esanse mu njia, magari haikuponde."

"Weye hauyue kitu," mwingine alimjibu. "Shofere anapashwa kuona tank yake."

Wakaanza. Nilisimama nimeshika mlango nikiwasikiliza: ulikuwa ubishi ule ule wa uani kwangu, neno kwa neno, isipokuwa sasa ulikuwa na bunduki ndani yake. Na kutoka kivulini mwa nyumba, kwenye kiti chake, mama yangu akapaza sauti.

"Ni kuume."

Mwenye kofia aliinua kichwa kumtafuta aliyesema, akaona bibi kizee mwenye miguu iliyofungwa vitambaa vya majani. Mwenye bunduki alifurahi kuungwa mkono. Yule mwenye kofia naye alitabasamu, lakini kidogo tu.

Jirani alitumia nafasi hiyo. "Baba, mimi ni wa Moero, bwana yangu anatumika ku treni. Ni mimi nilimuambia aigeuze. Hawa habaende fasi yoyote. Mama yao hawezi hata kufika ku robine ya maji."

Neno lake lilikuwa na uzito ambao langu halikuwa nao. Yeye alikuwa wa hapa. Kijana alilipima, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kama habaende, esanse ni ya nini?"

Alishika kifuniko akakizungusha, kikakaza. Akaongeza nguvu, kikakaza zaidi, naye akaanza kukasirika mbele ya wenzake. Mwenye bunduki aligeuza kitako akajiandaa kukivunja. Nilisema, "Muache, nitafungua." Nilikandamiza, nikarudisha, nikalegeza, nikavuta. Harufu ikapanda. Jirani alikuwa ameinama, anafunga upya kitenge chake ambacho hakikuwa kimefunguka.

Walinyonya kwa mpira mpaka mpira ukakoroma. Mabidoni yalijaa moja baada ya jingine, nami nilisimama nikiangalia miguu ya mama ikimwagika barabarani. Walipomaliza, wenyewe walilisukuma gari letu wakaliingiza kiwanjani kwa mbele, wakicheka kama watu waliosaidia.

"Sasa iangalie kwenye inapenda," alisema mwenye kofia, akaenda zake.

Bwana aliporudi alikuta gari limegeuka. Aliketi kwenye kiti cha dereva, mlango wake ukiwa sasa unafunguka vizuri, akaiangalia sindano. Nilimsimulia yote. Hakunilaumu, ila alibaki garini amekunja uso. Mama hakuweza kuvumilia.

"Umuambie bwana yako aache kununa. Angekuta gari na esanse, hakuna bibi yake."

"Umuambie mama," alisema bwana, "nimesikia."

Tulikaa hivyo majuma kadhaa. Mafuta hayakupatikana tena. Kituoni walianza kuuliza wewe ni nani. Vijana wa mtaani hawakutugusa, maana gari tupu halina hatia. Nilianza hata kuamini tumepona.

Kisha asubuhi moja bwana alirudi kutoka kazini kabla ya saa yake, kwa miguu, bila kofia. Karani mwenzake, mtu wa kwetu, alikuwa amechukuliwa getini mwa ghala. Aliyemwonya bwana alimwambia asipitie njia ile tena, na asilale nyumbani. Nje watu wetu walikuwa tayari wanapita na magodoro kichwani kuelekea kambini, na upande wa pili wa Katuba moshi ulikuwa unapanda mahali ambapo hapakuwa na jiko.

"Nitamubeba mama ku mugongo," alisema bwana. Hakuniangalia aliposema.

Mama alisikia. "Mukwe wangu anibebe ku mugongo? Basi muniache hapa."

Nilimsihi. Nilimkemea, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alikunja mikono. Kwake kifo kilikuwa kitu kinachoeleweka, lakini kupandishwa mgongoni mwa mume wa binti yake hakukuwa na jina. Mimi mwenyewe nisingeweza kumbeba hata hadi kwenye kona. Nilimchukia kwa dakika ile, nikamwonea huruma bwana yangu, ambaye alikuwa tayari kuvunja kila alichofundishwa na bado akakataliwa.

"Basi tutasukuma gari," alisema, akaingia kiti cha dereva kutazama breki. Sote tulijua ni maneno. Kambi ilikuwa mbali, na mchanga ulikuwa ule ule.

Nilianza kumwinua mama kupitia mlango wa nyuma wa kulia. Kitenge chake kilipanda juu ya magoti, miguu ile ikaonekana yote, na bwana yangu alifanya kama adabu inavyotaka: alikaza macho mbele, kwenye ukuta wa mwisho wa kiwanja. Wakati ule ule jirani alipenya kwenye ua wa miti akiwa na beseni la nguo mbichi. Niliona nguo zimekaa juu ya kitu kigumu. Aliziondoa, chini yake palikuwa na bidoni.

Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakandamiza, akakirudisha kidogo nyuma, akalegeza, akavuta. Kikafunguka mara moja.

Nilimtazama juu ya kichwa cha mama. Alijua nimeona. Aliinua bidoni akaanza kumimina.

"Nini ile?" aliuliza bwana, macho bado mbele.

"Yaya anatuletea esanse."

"Mungu amubariki," alisema.

Nilimkalisha mama kitini, nikazunguka gari nikasimama karibu na jirani. "Tangu lini?" nilimwuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu gari ilikuwa inaangalia nyumba." Alitikisa bidoni kutoa tone la mwisho. "Ya kwanza bwana yangu aliuzisha Mokambo, ku mupaka. Hii nilimukatalia, nikaficha. Nilikuwa na haya ya kuirudisha, mudogo. Halafu bale batoto balikuya, nikaona: bangeikuta mu tank, bangeibeba."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia nisimwachie. Alikuwa amenisikiliza nikimlaani mpaka mwisho, kisha akaenda kumchemshia mama yangu majani, na sasa alikuwa anatutoa. Sikujua nianze na kipi, na muda haukuwepo, kwa hiyo nilichukua kifuniko mkononi mwake nikakifunga mwenyewe. Alinishika kiwiko kidogo, akaokota beseni lake, akarudi kupitia penye miti.

Gari liliwaka. Tulitoka kinyumenyume, tukapita njia za nyuma, na hakuna aliyetusimamisha. Lilizimikia mbele ya turubai la kwanza la kambi. Yule jirani sikumwona tena. Tulipoweza kurudi Katuba, nyumba yao ilikuwa na watu wengine.

Kambini tuliishi chini ya plastiki, na ubishi ulirudi kabla hata hatujapata jiko. Jioni moja bwana aligeuza kiti chake upande wake akasema, kama zamani, "Umuambie mama, tank ni kushoto. Shofere anapashwa kuona kila kitu kinaingia na kinatoka."

Nilisubiri mguno. Mama alijikanda miguu kwanza. Siku ile ya kuondoka alikuwa mikononi mwangu jirani alipofungua kifuniko, na uso wake ulikuwa umeelekea tangi.

"Umuambie bwana yako," alisema, "ni kweli. Ni kushoto."

Bwana alifurahi sana, hata akacheka peke yake akiutazama mti. Mpaka alipofariki aliwasimulia watu kwamba ndiye pekee aliyewahi kumshinda mama mkwe wake. Mama alinitazama mara moja tu, nami nikaendelea kuchambua maharage.